MATUNDA NA VITU VYA JIKONI KATIKA UTUNZAJI WA NGOZI
(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Katika vyama vingi vya msingi utunzaji wa ngozi huhesabiwa kuwa jambo la faragha la akina mama, lisilostahili kuandikwa katika ajenda ya mkutano. Fikra hiyo haina budi kuangaliwa upya. Mkulima wa korosho au pamba hushinda juani kutwa. Mvuvi hushinda katika maji ya chumvi. Mchuma chai wa nyanda za juu huanza kazi katika umande na baridi. Ngozi ndiyo nguo ya kwanza ya mfanyakazi, naye hana nyingine ya kubadilisha. Ikipasuka, ikiungua au ikiota majipu, kazi husimama.

Tena iko sababu ya pili, nayo ni ya fedha. Sehemu ya malipo ya mazao hutoka nyumbani kila mwezi kwenda dukani kununua mafuta, losheni na sabuni, na baadhi ya vinunuliwavyo ni vitu vilivyopigwa marufuku na serikali kwa sababu ya sumu iliyomo. Sababu ya tatu inamhusu katibu mwenyewe. Kikundi cha akina mama kikileta ombi la mkopo ili kitengeneze dawa ya ngozi kwa matunda na kuiuza, kamati itamtazama katibu. Asiyejua tofauti baina ya kitu kifaacho nyumbani na kitu kifaacho sokoni hataweza kuishauri kamati, na hasara itakuwa ya chama kizima.

Kwa hiyo mazungumzo haya yatajibu maswali matatu. Ni vitu gani vya jikoni vinavyoisaidia ngozi kweli? Ni vipi vinavyoidhuru ingawa husifiwa? Na ni vipi ambavyo chama kinaweza kuvitengeneza kwa biashara bila kumdhuru mnunuzi?

JAMBO HILI SI GENI

Kujipaka vitu vya shambani na jikoni hakukuletwa na magazeti wala na maduka ya mjini. Katika Unguja na pwani yote, bibi harusi husuguliwa singo, yaani mchanganyiko wa maua yaliyokaushwa na kusagwa pamoja na vikolezo vya harufu nzuri, ukakandwa kwa maji ya mawaridi. Somo wake ndiye aijuaye kazi hiyo, na huifanya kwa siku kadhaa kabla ya harusi. Liwa nayo husagwa juu ya jiwe na kupakwa usoni. Mafuta ya nazi yamepakwa watoto na wazee tangu zamani za kale. Nje ya Afrika, Galen, tabibu aliyeishi katika dola ya Warumi katika karne ya 2, anatajwa kuwa ndiye aliyeanza kuchanganya nta ya nyuki, mafuta na maji ya mawaridi kuwa dawa ya kulainisha ngozi. Krimu nyingi ziuzwazo leo ni wajukuu wa mchanganyiko huo.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini methali hiyo haisemi kwamba kila mbacha ni mzima. Yampasa mwenye mbacha aukunjue, autazame, na kujua ulipotoboka.

NGOZI INAVYOFANYA KAZI

Ngozi ya mtu mzima, kama ingetandazwa, ingekaribia eneo la meta 2 za mraba. Tabaka lake la juu kabisa ni la chembe zilizokufa, zilizopangwa kama matofali, na baina ya matofali hayo kuna mafuta yaliyo kama udongo wa kujengea. Ukuta huo una kazi mbili: kuzuia maji ya mwili yasipotee, na kuzuia vijidudu na sumu visiingie. Ngozi ikipauka au ikipata magaga, maana yake ni kwamba udongo wa ukuta umepungua na maji yanatoka.

Vilevile ngozi ina uchachu wake. Wataalamu hupima uchachu kwa kipimo cha kuanzia 0 hadi 14. Maji safi husimama katika 7. Kilicho chini ya 7 ni kichachu, na kilicho juu yake ni cha aina ya magadi. Ngozi nzima husimama karibu na 5. Uchachu huo mdogo huwapendeza vijidudu vizuri vikaavyo juu ya ngozi na huwachukiza viletavyo maradhi. Maji ya ndimu au limau husimama karibu na 2, na magadi soda yaliyoyeyushwa katika maji husimama juu kidogo ya 8. Hatua moja katika kipimo hicho ni tofauti ya mara 10. Kwa hiyo kutoka 5 kushuka hadi 2 ni kuongeza uchachu mara 1,000. Mwanachama akilielewa hili moja, ataelewa nusu ya yote yatakayosemwa hapa.

VITU VINAVYOFAA

Cha kwanza ni mafuta ya nazi. Nazi iliyokomaa hukunwa kwa mbuzi, tui la kwanza hukamuliwa kwa kifumbu, kisha huchemshwa kwa moto mdogo huku likikorogwa. Maji hupanda kuwa mvuke, na mafuta huelea juu ya mashapo. Alama ya kuwa yameiva ni kutulia kwa povu na kukoma kwa mlio wa kutokota, kwani mlio huo ni wa maji yanayotoka. Mafuta yachujwe kwa kitambaa safi yakiwa na joto na kutiwa katika chupa kavu. Yakibakiwa na maji yatavunda. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mwanachama wa Mbeya asidhani kwamba yameharibika. Hupakwa mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo, ili yafungie maji ndani. Watu wenye chunusi usoni wasiyapake usoni, kwa maana huweza kuziba vinyweleo.

Cha pili ni parachichi. Nyama ya parachichi lililoiva ina mafuta mengi yanayolainisha. Nusu ya tunda hupondwa laini, hupakwa usoni au mikononi kwa muda wa dakika 15, kisha huoshwa kwa maji ya uvuguvugu. Katika miezi ya Juni na Julai, ngozi inapokatika kwa baridi huko Njombe, Iringa na Mbeya, dawa hiyo ni rahisi kuliko kopo la dukani, maana maparachichi yenye alama au yasiyofikia kipimo cha wanunuzi hubaki shambani.

Cha tatu ni asali. Asali iliyokomaa ina maji yasiyofikia sehemu 20 katika kila 100, na ni chachu. Vijidudu havistawi humo. Hospitali hutumia asali katika baadhi ya vidonda, lakini ni asali iliyosafishwa kwa namna maalumu hata isibakiwe na mbegu za vijidudu. Asali ya kibuyuni isitiwe katika kidonda kirefu wala kikubwa. Hapo mahali pake ni zahanati. Kwa uso uliokauka, kijiko kimoja chatosha, nayo ioshwe baada ya dakika 10 au 15.

Cha nne ni maziwa ya mtindi. Mtindi una asidi ya maziwa, ambayo hulegeza chembe zilizokufa. Hiyo si imani tu. Mwaka 1974 madaktari Van Scott na Yu wa Marekani waliandika jinsi asidi za jamii hiyo, zilizomo katika maziwa na matunda, zilivyosaidia ngozi ngumu yenye magamba. Asidi ya mtindi ni hafifu kuliko ya krimu za dukani, na kwa matumizi ya nyumbani huo ndio wema wake.

Cha tano ni papai bivu. Papai lina kimeng'enya kivunjacho protini. Ndiyo maana wapishi hutia papai bichi katika nyama ngumu. Papai bivu likipondwa na kupakwa kwa dakika 5 hulainisha uso. Papai bichi na utomvu wake visipakwe kabisa. Kinacholainisha nyama ya ng'ombe sufuriani hakitaihurumia nyama ya mtu.

Cha sita ni tango. Tango karibu lote ni maji, zaidi ya sehemu 95 katika 100. Vipande vyake vilivyopoa hutuliza macho yaliyovimba kwa moshi au kwa kukosa usingizi. Kazi yake ni kupoza, na asitokee mtu wa kudai zaidi.

Cha saba ni mshubiri. Ute mweupe wa ndani ya jani hupoza ngozi iliyobabuliwa na jua. Lakini chini ya gome la jani hutoka maji ya manjano yenye ukali, ambayo huwasha. Jani likatwe, lisimamishwe mpaka maji hayo yadondoke yote, lioshwe, ndipo limenywe.

Kwa vyote hivi kuna kanuni moja. Kitu kipya kipakwe kwanza kidogo ndani ya kiwiko, kisha mtu asubiri siku nzima, na ikiwezekana siku mbili. Pakiwasha, pakivimba au pakiwa pekundu, kitu hicho hakimfai, hata kikiwa kinamfaa jirani yake. Mtoto mchanga asipakwe michanganyiko ya matunda, kwa kuwa ukuta wa ngozi yake bado ni mwembamba.

VITU VINAVYODHURU

Husemwa kwamba kitu cha asili hakina madhara. Wanachama wa mikoa ya korosho ndio wanaoweza kuwajibu wasemao hivyo. Mafuta ya ganda la korosho ni ya asili kabisa, yametoka mtini bila kupita kiwandani, na kila mbanguaji ajua jinsi yanavyochoma. Ndiyo maana hujipaka majivu au mafuta mikononi kabla ya kazi. Upupu nao ni wa asili.

Kitu kinachosifiwa kuliko vyote na kinachodhuru kuliko vyote ni ndimu, pamoja na limau. Watu hupaka maji yake usoni ili kuondoa madoa. Ukali wake umekwisha kuelezwa. Lakini kuna hatari ya pili isiyoonekana. Ndani ya ndimu, hasa katika ganda, mna kemikali ambazo zikiwa juu ya ngozi na kupigwa na jua huunguza kama maji ya moto. Mtu hujipaka asubuhi, akaenda shamba, na asihisi kitu. Baada ya siku moja au mbili ngozi huwa nyekundu na kutoa malengelenge. Yakipona huacha madoa meusi yanayoweza kukaa kwa wiki nyingi au miezi. Hivyo aliyetaka kuondoa doa moja hupata matatu. Hata aliyekamua ndimu jikoni tu yampasa anawe mikono kwa sabuni kabla ya kutoka juani.

Magadi soda huharibu uchachu wa ngozi kwa upande wa pili, na kuiacha kavu. Dawa ya meno imetengenezwa kwa ajili ya meno. Ikipakwa juu ya chunusi hukausha na kuchubua. Kitunguu saumu kibichi kikifungwa juu ya ngozi huunguza. Ute wa yai bichi unaweza kubeba vijidudu viletavyo homa na kuhara, na uso uko karibu na kinywa. Sukari na chumvi za chembe kubwa zinafaa kwa nyayo na viwiko, wala si kwa uso. Mdalasini na karafuu vina mafuta makali; vitumike kwa harufu, kwa kiasi kidogo mno.

Manjano hayana ukali huo, ila yana tahadhari yake. Mwaka 2019 watafiti walithibitisha kwamba huko Bangladesh baadhi ya wafanyabiashara walitia rangi yenye madini ya risasi katika manjano ili yang'ae. Risasi ni sumu. Mwenye kutaka manjano anunue mizizi mizima asage mwenyewe.

MKOROGO

Hapa ndipo penye jambo zito. Neno mkorogo kwa asili halina ubaya. Kila mpishi hukoroga. Lakini siku hizi jina hilo hupewa michanganyiko ya kuchubua ngozi, inayokorogwa majumbani au nyuma ya maduka kwa krimu za aina mbalimbali, pengine pamoja na dawa ya kung'arishia nguo, na kuuzwa katika vikopo visivyo na jina. Wauzaji wengine hutia ndani yake papai, karoti au asali, kisha huuita wa asili. Mnunuzi huona tunda na kuamini. Sumu huingia chini ya jina la tunda.

Vitu vitatu hasa ndivyo vya kuogopwa. Cha kwanza ni zebaki. Zebaki huizuia ngozi kutengeneza rangi yake, lakini haiishii juu ya ngozi. Hupenya mwilini, hudhuru figo na mishipa ya fahamu, na humfikia mtoto aliye tumboni. Hata mtoto anayelala na mama yake huipata kwa kugusana na kwa hewa ya chumba. Mkataba wa Minamata uliokubaliwa na mataifa mwaka 2013, na uliopewa jina la mji wa Japani ambao watu wake waliteseka kwa zebaki ya kiwandani, uliweka kikomo cha sehemu 1 katika 1,000,000 kwa vipodozi. Katika mkutano wa Geneva wa mwaka 2023, nchi wanachama wa mkataba ziliamua kwamba kikomo hicho kiondolewe, na kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikome ifikapo mwaka 2025.

Cha pili ni haidrokwinoni. Ikitumiwa kwa muda mrefu bila daktari, huweza kuugeuza uso kuwa na madoa ya buluu iliyokoza na nyeusi, yaliyo magumu mno kuondolewa. Cha tatu ni dawa za jamii ya steroidi, ambazo ni dawa njema mikononi mwa daktari. Zikipakwa ovyo kila siku huifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi, hutoa michirizi, na mtu akiziacha ghafla uso huwaka kwa vipele. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye vitu hivyo mwaka 1998, na Tanzania nayo imevikataza.

Mwanachama ataujuaje mkorogo? Kopo halina jina la mtengenezaji wala anwani. Halina orodha ya vilivyomo. Muuzaji huahidi kwamba ngozi itabadilika rangi kwa siku chache, na humwonya mnunuzi asitoke juani. Hakuna tunda duniani liwezalo kubadilisha rangi ya ngozi kwa siku saba. Panapotolewa ahadi hiyo, palipo na tunda pamefichwa kitu kingine.

Aliyekwisha kutumia asione haya wala asiache dawa ghafla kwa siri. Aende kituo cha afya na kopo lake mkononi, ili mganga aone kilichomo na kumwachisha kwa utaratibu. Katibu na viongozi wa chama wasifanye maneno ya dhihaka juu ya watu hao mikutanoni, kwa kuwa dhihaka humfanya mgonjwa afiche kopo na kuendelea nalo.

JUA

Jambo moja zaidi lisemwe waziwazi. Hakuna mafuta ya jikoni, si ya nazi wala ya karoti wala ya parachichi, yanayoweza kumlinda mtu na jua la shambani kwa kiasi cha kutegemewa. Kwa wanachama na watoto wenye ualbino jambo hili ni la uhai, maana kwao jua huleta saratani ya ngozi mapema. Kwao dawa ni kofia pana, mikono mirefu, kivuli wakati wa jua kali, na mafuta maalumu ya kuzuia jua. Mjini Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho pamoja na hospitali ya KCMC, yametengenezwa mafuta ya namna hiyo yaitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Chama chenye familia ya namna hiyo kitafanya jambo jema kuulizia katika hospitali ya wilaya namna ya kuyapata, na kuipangia familia hiyo kazi za kivulini wakati wa msimu, kama vile kupima na kuandika.

KUTOKA JIKONI HADI SOKONI

Sasa lajibiwa swali la tatu. Ichukuliwe mfano wa kikundi cha akina mama 10 wa chama fulani. Wameona jinsi parachichi na asali vinavyolainisha ngozi. Wanaponda maparachichi, wanachanganya na asali, wanajaza vikopo 100, na kuvibandika jina la chama. Siku ya kwanza kila mnunuzi anasifu. Siku ya tatu rangi imekuwa ya kahawia. Siku ya saba ukungu umeota pembezoni, na katika vikopo visivyoonyesha ukungu vijidudu vimezaliana bila kuonekana. Mnunuzi mmoja akijipaka karibu na jicho, jicho litaoza. Jina lililo juu ya kopo ni la chama, wala si la mama aliyeponda.

Akina mama hao hawakuwa wadanganyifu. Walikosa kanuni moja, nayo ni kanuni ya maji. Asali peke yake hukaa miaka kwa sababu maji yake ni machache. Ikichanganywa na tunda huongezewa maji, na ulinzi wake huondoka. Chochote chenye maji, iwe ni tunda lililopondwa, mtindi, maji ya mawaridi au ute wa mshubiri, ni chakula cha vijidudu. Viwanda hutia dawa za kuzuia kuoza, kwa vipimo, na hupima kila mkupuo maabara. Jikoni hakuna vipimo hivyo. Kwa hiyo mchanganyiko wenye tunda hutengenezwa wa kutosha mara moja, hutumiwa siku ileile, na kinachobaki hutupwa. Hiyo ni dawa ya nyumbani, si bidhaa.

Bidhaa zitafutwe katika vitu visivyo na maji. Hapo ushirika una nafasi kubwa. Mafuta ya nazi yaliyokaushwa vema hukaa miezi mingi. Mafuta hukamuliwa pia katika maparachichi, na kwa chama chenye matunda mengi yaliyokataliwa na wanunuzi hilo ni jambo la kuchunguzwa kwa hesabu. Nta ya nyuki, ambayo Tabora imejulikana nayo kwa muda mrefu pamoja na asali yake, huweza kuungana na mafuta hayo kuwa dawa nzuri ya magaga na midomo.

Namna yake ni hii. Hupimwa kwa mizani sehemu 1 ya nta na sehemu 4 za mafuta ya nazi. Kwa mfano, gramu 50 za nta kwa gramu 200 za mafuta. Vyote hutiwa katika bakuli kavu, nalo huwekwa ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka, wala si juu ya moto wenyewe, kwa maana nta hushika moto upesi. Nta huyeyuka joto lifikapo nyuzi 62 hadi 65. Ikishayeyuka, mchanganyiko hukorogwa, humiminwa katika vikopo vilivyochemshwa na kukaushwa kabisa, na huachwa wazi mpaka upoe ili mvuke usigeuke maji chini ya kifuniko. Mahali penye joto jingi nta iongezwe kidogo. Tone la maji lisiingie. Hiyo ndiyo kazi yote.

Sabuni nayo ni bidhaa, ila hutaka kostiki soda, ambayo huunguza macho na ngozi na haisamehe kosa la kipimo. Isijaribiwe kwa kusikia tu. Kikundi kipate kwanza mafunzo. Shirika la SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, hutoa mafunzo ya namna hiyo mikoani. Huko Unguja, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989, akina mama wamechukua mwani waliokuwa wakiuza mkavu kwa bei ndogo na kuutia katika sabuni. Funzo lake kwa vyama ni kwamba zao lilelile, likipitishwa hatua moja zaidi mikononi mwa mkulima, humwachia mkulima sehemu kubwa zaidi ya bei.

Kuhusu sheria, tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi Tanzania Bara umo mikononi mwa Shirika la Viwango, yaani TBS. Kikundi kinachotaka kuuza kitu cha kupaka mwilini kiende TBS kabla ya kununua vikopo, wala si baada ya kuvijaza. Njia hiyo huonekana ndefu kwa mwenye haraka, lakini hiyo ndiyo inayomtenganisha mwanaushirika na muuza mkorogo. Wote wawili huuza kopo. Mmoja wao tu ndiye aandikaye jina lake na vilivyomo.

WAJIBU WA KATIBU

Katibu apokeapo ombi la kikundi cha namna hii aulize maswali matano, na majibu yaandikwe katika kumbukumbu za kamati. Je, bidhaa ina maji ndani yake au haina? Je, nani amefundishwa, na wapi? Je, kila kiasi hupimwa kwa mizani, au kwa kiganja? Je, kila mkupuo una tarehe na namba, ili ikitokea lawama vikopo vyake virudishwe? Je, TBS imeshaulizwa? Kikundi kisichoweza kujibu kisifukuzwe. Kipewe muda na kisaidiwe kujibu. Mkopo ungoje.

Kwa upande wa mafunzo ya nyumbani, hakuna sababu ya kungoja. Katika mkutano ujao wa wanachama, nusu saa yatosha. Mama mmoja aonyeshe jinsi ya kupika mafuta ya nazi mpaka maji yaishe. Mwingine aonyeshe kupaka parachichi na kujaribu kwenye kiwiko. Mganga au mhudumu wa afya wa kijiji aeleze habari za zebaki na ndimu. Wanaume wakae na kusikiliza, kwa kuwa mikono iliyopasuka haichagui mume wala mke, na kwa kuwa fedha inunuayo mkorogo ni ya kaya nzima.

Mwisho, orodha fupi ibandikwe katika ubao wa matangazo wa kila chama, karibu na mizani ambapo kila mwanachama hupita: visivyopakwa ni ndimu, magadi soda, papai bichi, yai bichi na kitu chochote cha kopo lisilo na jina, vya siku ileile ni matunda, mtindi na mshubiri, vya kuweka ni mafuta yasiyo na maji na nta. Wino wa tangazo hilo ni rahisi kuliko dawa za figo.